Silabi, pingili au sikio: ulitamke vipi neno refu la Kinorwei?

Mezani kulikuwa na chai, penseli na barua ya UDI, idara ya uhamiaji. Jirani yangu, mama wa Uvira ambaye hajamaliza mwaka hapa Norwei, alikuwa ameweka kidole juu ya neno moja na kidole hakitoki. "Mwanangu, hii neno iko murefu. Inanishinda." Neno lilikuwa *oppholdstillatelse*, kibali cha kukaa nchini. Akalisoma hivi: o-pu-ho-li-di-sti-la-te-LI-se. Hakuruka hata herufi moja. Lakini angelisema hivyo mbele ya karani, angeombwa arudie, na akirudia vilevile angeombwa tena.

Meza za namna hiyo nimekaa nyingi, na Wakongo, na Warundi, na Watanzania waliofuata masomo au ndoa. Swali huwa ni lilelile: neno refu nilikate wapi ili litoke sawa? Na majibu wanayopewa hayafanani. Mwalimu mmoja anasema piga makofi kwa kila silabi. Wa pili anasema tafuta maneno madogo yaliyojificha ndani ya lile kubwa. Wa tatu anasema weka karatasi pembeni, sikiliza, uige. Mwanafunzi anabaki katikati hajui amfuate nani.

Njia zote tatu nimezitumia na kuzifundisha. Kila moja ina kazi yake, kwa hiyo nazipitisha hapa kwenye vipimo vilevile, uone ipi inakufaa kwa haja uliyo nayo sasa.

## Vipimo

Mkazo. Hapa ndipo sisi waongeaji wa Kiswahili tunapoumia kuliko mahali pengine popote. Mdomo wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Hata tukiunganisha maneno, mkazo unahamia mwishoni: *kipima* na *joto* vikiwa *kipimajoto*, uzito wote unaangukia *jo*. Kinorwei hufanya kinyume. Maneno yakiungana, uzito mkubwa hukaa kwenye neno la kwanza, na la pili hubaki na uzito mdogo. *Barnehage*, shule ya chekechea, ni BAR-ne-ha-ge. Mswahili akiachwa na mazoea yake atasema barneHAge, na Mnorwei atasikia *hage*, bustani, kisha aanze kujiuliza ni bustani gani.

Urefu wa irabu. *Tak* ni paa, *takk* ni asante. Katika *tak* irabu inavutwa, katika *takk* inakatwa fupi. Kwa kawaida irabu yenye mkazo ikifuatwa na konsonanti moja huwa ndefu, na ikifuatwa na mbili huwa fupi. Neno likiingia kwenye muungano huenda na urefu wake uleule.

Mpakani. Maneno mawili yanapokutana, herufi za mwisho za moja na za mwanzo za jingine zinaweza kuonekana kama sauti moja kumbe ni mbili, au mbili kumbe ni moja.

Mkono. Je, njia hii inakusaidia kuandika? Wanorwei huandika neno ambatani, yaani lililoungwa kwa maneno mawili au zaidi, kama neno moja, bila nafasi, na wanalichukulia jambo hilo kwa uzito. *Lammelår* ni paja la mwanakondoo. Ukiandika *lamme lår* umeandika mapaja yaliyopooza. *Røykfritt* ni mahali pasipovutwa sigara. *Røyk fritt* ni amri: vuta kwa uhuru.

Mfano wa kushika mkononi kabla hatujaendelea ni muwa. Muwa una pingili, na kati ya pingili na pingili pana fundo. Neno ambatani la Kinorwei limejengwa hivyohivyo: pingili ni maneno kamili, na kwenye fundo mara nyingi huwekwa *s* au *e* ya kuunganishia. *Syk* (mgonjwa) na *hus* (nyumba) zinaungwa kwa *e*: *sykehus*, hospitali. *Opphold* (kukaa) na *tillatelse* (kibali) zinaungwa kwa *s*. Herufi hiyo ya fundo hubaki na pingili inayotangulia: *syke-hus*, *oppholds-tillatelse*.

## Njia ya kwanza: silabi kwa silabi

Hii ndiyo tuliyoanzia shuleni, ba be bi bo bu, na ndiyo mdomo unayoikimbilia ukitishwa na neno. Ina uzuri wake wa kweli. Haikudai msamiati wowote. Neno lolote, hata hulijui maana, unaweza kulianza na kulimaliza bila kukwama njiani, na kwa mtu aliyejifunza kusoma ukubwani hilo ni jambo kubwa sana. Nimewaona watu wakinyooka mgongo siku walipomaliza neno la herufi kumi na nane kwa mara ya kwanza.

Wanorwei wenyewe wana kanuni ya kukata silabi, na inafaa kuijua: konsonanti moja tu ndiyo huvuka kwenda kwenye silabi inayofuata. *Læ-rer* (mwalimu), *vin-ter* (kipupwe), *kas-te* (kutupa). Kwetu silabi nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo tunapenda kusema *vi-nte-r*, kisha tunaongeza irabu mwishoni ili ikae vizuri: *vinteri*. Kanuni ya konsonanti moja inatufundisha kuifunga silabi na kuiacha imefungwa.

*Mkazo.* Silabi zikipigiwa makofi hutoka na uzito sawa, na mkazo unapotea. Dawa ipo, ingawa si kamili: kofi la kwanza lipige kwa nguvu, mengine polepole.

*Irabu.* Wastani. Kwenye *tak-* na *takk-* utaona konsonanti zilizobaki na kukisia urefu. Ila *barnehage* itakudanganya: inaonekana ina *r* na *n*, konsonanti mbili, kwa hiyo utasema *a* fupi. Kumbe *a* ile ni ndefu, *baarne*, na huku Oslo *r* na *n* zimeyeyuka zikawa sauti moja inayotamkwa ulimi ukiwa umekunjwa nyuma kidogo. Ukikata *bar-ne* umetenganisha kitu ambacho mdomo wa mtu wa Oslo haukitenganishi.

*Mpakani.* Hapa ndipo inapoanguka. Mama wa Uvira alisoma *-sti-* katikati ya *oppholdstillatelse* kwa sababu *s* na *t* zimekaa pamoja na macho yakaziunganisha. Lakini *s* ni ya fundo, na *t* ni mwanzo wa neno jingine. Kosa la herufi moja tu, na neno halitambuliki.

*Mkono.* Inasaidia kukumbuka kila herufi, hasa konsonanti maradufu.

Inamfaa mtu wa wiki za mwanzo, aliyejifunza kusoma karibuni, na yeyote anayekutana na jina geni la mtu au mtaa ambalo halina maana ya kushika.

## Njia ya pili: pingili kwa pingili

Hapa huanzi na sauti, unaanza na maana. Unachukua penseli, unatafuta fundo, unapiga mstari mwembamba, kisha unatamka kila pingili kama unavyoitamka ikiwa peke yake, ya kwanza kwa nguvu.

Tulifanya hivyo na ile barua. Nilimuuliza mama, "Unajua *tillatelse*?" Akajibu haraka, "Permisheni." "Na *opphold*?" Hilo alilijua kutoka kwenye fomu nyingine. Akapiga mstari mmoja baada ya *s*. Neno lililokuwa kama treni likawa maneno mawili aliyokwisha kuyazoea, na akalisema mara tatu mfululizo bila kusimama.

Kuna jambo moja ambalo walimu wengi hawalisemi mapema, nami naliona ni ufunguo kwetu. Maana ya neno inakaa mkiani, mkazo unakaa kichwani. *Kaffekopp*: pingili ya mwisho, *kopp*, ndiyo inayosema kitu ni nini, yaani kikombe. Ya kwanza inaeleza ni cha nini. Kiswahili huanza na kitu chenyewe: kikombe cha kahawa. Kwa hiyo ukitaka kuelewa, soma kutoka nyuma kuja mbele, na ukitaka kutamka, kaza mwanzo. Hata jinsia ya neno, ile inayoonyeshwa na *en*, *ei* au *et* mbele yake, inafuata mkia: *et hus*, kwa hiyo *et sykehus*.

*Mkazo.* Njia hii ndiyo inayokufikisha karibu zaidi ukiwa na karatasi tu. Maneno yanayokiuka yapo na hayana budi kukaririwa. *Århundre*, karne, hukazwa kwenye *hun*. Miji nayo: Lillehammer hukazwa *ham*, Kristiansand hukazwa *sand* pale mwisho kabisa.

*Irabu.* Nzuri sana. Chukua Mattilsynet, mamlaka ya usalama wa chakula. Jicho linaona *matt*, tena *matt* ni neno halisi la Kinorwei, na hapo *a* ingekuwa fupi. Lakini ukikata hapo, unabaki na *ilsynet*, ambalo si neno. Fundo liko mapema zaidi: *mat*, chakula, yenye *a* ndefu, halafu *tilsynet*, mamlaka ya usimamizi. Kipimo ni hicho: pande zote mbili za mstari wako lazima zibaki na maneno yanayoishi.

*Mpakani.* Hapa ndipo njia hii inapong'aa, na ndipo pia inapodai zaidi. *Barnehjem*, makao ya watoto, ina *hj*, na *h* katika *hjem* haitamkwi, kwa hiyo unasema *barne-jem*. *Barnehage* ina *h* inayotamkwa. Tofauti huioni mpaka ujue kwamba pingili ya pili inaanza na *hj*. *Deltidsjobb*, kazi ya muda usio kamili, ina *s* na *j* zilizopangana, na mtu anayejua kwamba *sj* hutamkwa kama *sh* yetu atasema *deltid-shobb*. Penseli ikipita baada ya *s*, kosa linaondoka: *deltids-jobb*, na *j* ya Kinorwei ni kama *y* yetu.

Udhaifu wake ni kwamba huwezi kukata usichokijua. *Bildeler* macho yataona *bilde*, picha, kwa sababu ndilo neno la mwanzo kitabuni. Kumbe ni *bil* na *deler*, vipuri vya gari. *Vinglass* ni kali zaidi: *vin* na *glass* ni glasi ya mvinyo, lakini *ving* (bawa) na *lass* (shehena) nayo ni maneno halisi. Kipimo chetu cha pande mbili hakitoshi hapo, sentensi nzima ndiyo inayoamua.

*Mkono.* Kwa kuandika, sijaona iliyo karibu nayo. Wanorwei hufuata pingili hizihizi wanapokata neno mwishoni mwa mstari: kwanza fundo, halafu ndani ya kila pingili ndipo kanuni ya konsonanti moja inapofanya kazi. Na ipo desturi moja nzuri kuijua. Konsonanti tatu zinazofanana zikikutana, moja hudondoshwa: *buss* na *sjåfør* ni *bussjåfør*, dereva wa basi, na *natt* na *tog* ni *nattog*, treni ya usiku. Lakini neno likikatwa mwishoni mwa mstari, ile iliyodondoshwa hurudi: *buss-sjåfør*, *natt-tog*. Ukiijua hiyo, hutashangaa neno moja kuwa na herufi mbili mahali pamoja na tatu mahali pengine.

Inamfaa mwenye msamiati wa miezi kadhaa, anayesoma barua na mikataba, anayejiandaa kuandika.

## Njia ya tatu: sikio

Unalichukua neno zima kama wimbo mfupi. Hulikati. Unasikiliza, unarudia juu ya sauti ya msemaji, mpaka mdomo wako na wake vinaanza na kumaliza pamoja.

Kuna sababu ya msingi ya kufanya hivyo. Kinorwei cha Oslo na mashariki kina toni mbili. *Bønder* (wakulima) na *bønner* (maharage, pia maombi) hutamkwa kwa sauti zilezile, maana *d* haisikiki. Linalotofautisha ni wimbo. Katika ya kwanza sauti huanza chini na kupanda, katika ya pili huanza juu, hushuka, kisha hupanda tena. Neno ambatani, hata liwe na pingili nne, lina wimbo mmoja tu. Hapo ndipo *lammelår* na *lamme lår* zinapoachana masikioni: la kwanza ni wimbo mmoja, ya pili ni nyimbo mbili. Mtu wa pingili tupu, anayetamka kila kipande kwa uaminifu, anaweza kuimba nyimbo mbili bila kujua, na neno likasikika kama maneno mawili yaliyowekwa jirani.

*Mkazo.* Unakuja wenyewe, pamoja na miji ile mikaidi. Aliyesikia Lillehammer kwenye tangazo la treni hahitaji kanuni.

*Irabu.* Inategemea sikio lako limezoezwa vipi. Wengi wetu husikia *tak* na *takk* kama kitu kimoja kwa muda mrefu, kwa kuwa urefu wa aina hiyo hatukuutafuta tangu utotoni. Ukiwa hapo, sikio peke yake litakurudishia kosa lako mwenyewe.

*Mpakani.* Inakupa yale ambayo karatasi inaficha. *Vintersko*, viatu vya kipupwe: mjini Oslo *r* ya mwisho wa *vinter* na *s* ya *sko* hukutana na kuwa sauti kama *sh*, juu ya fundo kabisa. *D* katika *oppholds-* haisikiki. *T* ya mwisho katika *sykehuset* haisikiki. Lakini hesabu pia mahali unapoishi. Bergen, Stavanger na Kristiansand *r* hutamkwa kooni, na kule *r* na *s* haziyeyuki hivyo. Sehemu kadhaa za kaskazini na zile zinazozunguka Bergen hazitofautishi toni mbili kabisa, na watu wanaelewana vizuri tu.

*Mkono.* Dhaifu. Anayejifunza kwa sikio pekee ataandika *sykehuse* bila *t*, atadondosha *d*, na hatajua fundo liko wapi.

Ina gharama ya muda pia: unahitaji msemaji au sauti iliyorekodiwa. Redio ya NRK ipo bure siku nzima. Kamusi ya mtandaoni ya NAOB huonyesha matamshi, ikiwemo mkazo. Chuo kikuu cha NTNU kina programu ya mazoezi ya kusikiliza na kutamka inayoitwa CALST, nayo haidai ada.

Inamfaa anayezungumza na watu kila siku, anayefanya kazi dukani, kwenye nyumba za wazee au jikoni, na mwenye watoto wanaocheza na watoto wa Kinorwei.

## Uchague vipi

Kama uko mwezi wa kwanza na maneno unayoyajua yanahesabika, anza na silabi na usione haya. Kaza kofi la kwanza, funga silabi zinazofungwa, usiongeze irabu mwishoni. Ukishajua maneno mia mbili tatu, penseli itaanza kupata mahali pa kupita. Hata hapo silabi usizitupe. Zitumie ndani ya pingili moja inayokusumbua, kama *til-la-tel-se*, badala ya kuzipitisha juu ya neno zima.

Kama una barua mezani na tarehe ya kujibu imekaribia, pingili. Elewa kutoka mkiani, tamka kutoka kichwani.

Kama utapiga simu, kwa mfano namba 116117 ya *legevakt*, madaktari wa dharura, usihangaike na kanuni. Chagua maneno manne au matano utakayoyahitaji, *legevakt*, *fastlege* (daktari wako wa kudumu), jina la mtaa wako, yasikilize na uyarudie usiku uliotangulia. Kwenye simu hakuna uso wala mikono ya kukusaidia, na mkazo uliokaa mahali pake hukufikisha mbali kuliko sarufi.

Kama unajiandaa kwa *norskprøve*, mtihani wa Kinorwei, gawa muda. Sehemu ya kuandika na ya kusoma inakutaka kwenye pingili, ile ya kuzungumza na ya kusikiliza inakutaka kwenye sikio. Toni zisikunyime usingizi. Muktadha hutenganisha wakulima na maharage.

Vijana waliofika wadogo au waliozaliwa hapa ni jambo jingine. Sikio lao limekamilika, wanatusahihisha sisi. Wanapokosea ni kwenye daftari, wanapoandika *sommer jobb* kwa nafasi katikati badala ya *sommerjobb*. Kijana wa namna hiyo mpe penseli, akae na mama yake, yeye amwimbie neno na mama amwonyeshe fundo. Kwa jirani yangu ndivyo wanavyofanya sasa kila barua inapofika, na mtoto wa miaka kumi na mbili ndiye anayesema, "Hapana mama, anza juu. OPPholds."